Kasi ya Mara Thelathini

Naomba nianze kwa kukiri, maana nikizungukazunguka nitajikuta nimeshajitetea: mimi ndiye yule dada aliyesimama mbele ya ukumbi mzima pale Lushoto, nimevaa koti jipya na viatu vinavyobana, nikatangaza kwamba mashine moja ina kasi mara thelathini kuliko nyingine, halafu ile nyingine, niliyoiita kobe kwa mdomo wangu mwenyewe, ikamaliza kazi kabla chai haijamiminwa. Najua hadithi hii inavyosimuliwa huko Mlola (eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa tu chini kwa ghafla), kwa hiyo leo nawapa ile ya kweli, na mcheke mkitaka, ila mnisikilize mpaka mwisho kwa sababu mwisho wake haukunichekesha hata kidogo.

Mradi wetu ulikuwa mdogo, watu wawili tu, mimi na kaka Salimu ambaye ndiye bosi, na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko. Kando ya barabara ya kwenda Mtae kuna miteremko minane ambayo mvua ikizidi huwa inaachia udongo, na juu ya kila mteremko Salimu aliweka kipimo cha mvua na mtu wa kijijini wa kukisoma na kutuma namba kwa simu kila jioni. Ikifika saa mbili usiku namba zote zimeingia, na hapo programu yangu inatakiwa ipige hesabu ya kila mteremko, udongo umekunywa maji kiasi gani na umebakiza kiasi gani kabla haujaserereka. Basi la Mtae linaondoka saa kumi alfajiri. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu, taarifa iwafikie watu kabla hawajapanda basi, na ikifika baada ya hapo tunakuwa tumewatumia habari za mahali ambapo tayari wamekwama.

Sasa hesabu hizo ni nyingi, kwa sababu mteremko mmoja tumeukatakata kwenye vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, na kila kipande kina hesabu yake. Kompyuta ya ofisini, ile ya kubebeka, ilikuwa inavifanya kimoja baada ya kingine. Chuo kimoja cha huko mjini kikatuazima kwa siku chache mashine yenye prosesa ya viini vingi, yaani vichwa vingi vya kupiga hesabu ndani ya kimoja, na ile kadi ya michoro wanayoipenda wacheza gemu, ambayo ndani yake ina vifanyakazi vidogo maelfu, kila kimoja kinachukua kipande chake na vyote vinafanya kazi kwa mpigo. Nikawa kama mtoto aliyepewa redio aifungue. Nilitaka kujua kila kitu: nikiongeza viini mara mbili, muda unapungua nusu au hapana? Na kama hapana, hiyo nusu nyingine inapotelea wapi? Nilikuwa naota hayo maswali, kweli tena.

Mashine ya kuazima niliipima ofisini, mteremko mmoja, ikamaliza kwa dakika mbili na ushee, nikaruka nikagonga goti kwenye meza. Ikabaki kuipima kompyuta yetu kwa kazi ileile ili nilinganishe. Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ambao nikiukumbuka natamani niingie uvunguni: umeme wa ofisini ulikuwa umekatika, ilikuwa Jumamosi, na nilikuwa na hamu ya viazi vya nazi vya shangazi Ruthi, basi nikasema si ni kupima tu, nitapimia kwake Mlola. Nikabeba kompyuta nikapanda gari.

Sebuleni kwa shangazi nikaiweka mezani, nikaiwasha programu, nikabonyeza na saa ya kupimia kwenye simu (ndiyo, kwenye simu, mtu mzima mwenye shahada). Sijakaa hata dakika moja nikasikia hodi, na mlangoni kina mama watano wa usharika na mzee mmoja wa kanisa, wamekuja kumwona shangazi aliyekuwa amepona mguu. Mnajua kwetu. Wakubwa wakiingia huwezi kukaa umekodolea kioo cha kompyuta, hata kama nyumba inaungua. Nikasimama, shikamoo kwa mmoja mmoja nimepiga goti, marahaba mwanangu, baba hajambo, Lushoto baridi ikoje, kazi je, na ukidhani umemaliza mtu anarudia kwa Kishambaa ile habari uliyokwisha kumjibu kwa Kiswahili. Na kwa kuwa ile kompyuta inawaka pale mezani mbele ya wageni ni kama nimemwacha mtu mwingine anaongea, nikaigeuza iangalie ukuta, nikaifunika na kitambaa cha kufuma cha kwenye kochi. Simu nikaitia mfukoni, saa inaendelea kuhesabu.

Wageni wakasali, wakanywa chai, wakala vile viazi (wakanibakizia vitatu), wakasali tena, wakaaga wakiwa wamekaa, wakaaga wakiwa wamesimama, tukawasindikiza hadi njia panda. Niliporudi nikaifunua kompyuta, nikaona kwenye kioo kuna mstari umeandikwa kitu, nikabonyeza kitufe cha Enter bila kuusoma, kwa mazoea tu, kama unavyofukuza nzi. Kisha nikala viazi vyangu vitatu, nikamsaidia shangazi vyombo, na nilipokuja kutazama kazi ndiyo kwanza inakwisha na saa ya simu imeandika saa moja na dakika tisa.

Nikagawanya kwa dakika mbili na ushee. Nikapata thelathini kamili. Jamani, ile namba ilikuwa tamu! Nilimpigia Salimu palepale, na Salimu, ambaye ni mtu anayepima hata sukari ya kwenye kikombe, akauliza swali moja tu.

"Umepima mara ngapi?"

"Mara moja. Kaka, ni kompyuta, si binadamu kwamba leo itachoka kesho itaamka vizuri."

"Haya," akasema, lakini ile haya ya kuvuta.

Ikaandikwa kwenye ripoti. Ripoti ikasema hivi: kompyuta tuliyonayo inahitaji zaidi ya saa tisa kumaliza miteremko minane, maana yake ikianza saa mbili usiku itamaliza alfajiri basi likiwa limeshaondoka kwa saa nzima, hivyo taarifa zisubiri mpaka ipatikane mashine ya kasi. Mashine ya chuo ikarudishwa. Masika ikaja, mvua ikapiga, namba za vipimo zikawa zinaingia kila jioni na mimi nazihifadhi vizuri kabisa kwenye mafaili, sipigi hesabu yoyote, nasubiri mashine.

Mwezi wa sita ukaitishwa mkutano wa kamati, na ndiyo siku yenyewe sasa. Ukumbi ulijaa watu wa vijiji vyote vya njia ile, makoti na vilemba, baridi ile ya Lushoto ya kukufanya uongee moshi unatoka. Shangazi Ruthi alikuwapo, amewakilisha kikundi cha kina mama wa Mlola, amekaa mstari wa pili na ananitabasamia hadi naona aibu. Mwalimu Hoza alikuwapo pia, aliyenifundisha hesabu sekondari, mstaafu, na miwani yake ileile. Chuo kilikuwa kimetuazima tena ile mashine kwa ajili ya siku hiyo, na kamati ikiridhika ingeomba inunuliwe moja ikae Lushoto moja kwa moja. Nyuma yangu lilitundikwa bango lenye namba moja kubwa, mara 30, rangi nyekundu (rangi nilichagua mimi).

Nikaeleza vizuri, hilo nijisifu. Nikawaambia kompyuta yetu ni kama mtu mmoja anayechimba ngazi za shamba zima la mlimani peke yake, na hii ya kuazima ni msaragambo, kijiji kizima kimeshuka na majembe. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Binti, mimi nauliza. Hao watu elfu ukiwaingiza kwenye kishamba changu kile cha karoti, si watakanyagana?"

Nikafurahi kupita kiasi, kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe ambalo watu wanaandikia vitabu! Nikamwambia ndiyo mzee wangu, ndiyo maana shamba likiwa dogo kijiji kizima hakisaidii, na tena kuna muda unapotea watu wanasubiriana majembe, na ndiyo maana ukiwa na wafanyakazi elfu hupati kasi mara elfu, unapata mara thelathini. Nikaligonga bango kwa kidole. Makofi.

Mwenyekiti wa kamati naye akanogewa. "Si mashine zote mbili zipo hapa? Zishindane basi, tuone kwa macho."

Hapo mtu mwenye akili angesema muda hautoshi. Mimi nikasema, tena kwa mbwembwe, "Bila shaka mwenyekiti!" Nikaziunganisha zote na projekta, moja upande huu wa ukuta, nyingine upande ule, nikaziwasha pamoja, nikagonga Enter huku na kule kwa mikono miwili kama mpiga kinanda wa kanisani. Mashine ya kuazima ikamaliza kwa dakika mbili na ushee, ukumbi ukapiga vigelegele, na mimi nikanyanyua mikono nikasema (haya maneno shangazi ananirudishia mpaka leo): "Sasa wazee wangu, mama zangu, huyu kobe hapa tumwache, anahitaji saa moja na dakika tisa. Karibuni chai, tule maandazi, turudi, tutamkuta bado yuko njiani."

Watu wakaanza kusimama, wamama wa chai wakaanza kupanga vikombe, wengine wakabaki wanaongea. Mimi nilikuwa namweleza mjumbe mmoja habari za kadi ya michoro nilipoona macho yake yamehama usoni kwangu yakaenda ukutani. Nikageuka. Upande wa kobe kulikuwa kumeandikwa kwa herufi kubwa KAZI IMEKAMILIKA, na chini yake dakika kumi na moja na nusu.

Na watu, Mungu awabariki, wakapiga makofi! Walidhani ni jambo zuri. Kobe amejitahidi. Mimi nilihisi damu imeshuka yote hadi kwenye vile viatu vinavyobana, nikachekacheka, nikasema pengine imeruka baadhi ya vipande, tukalinganisha majibu, majibu ni yaleyale hadi nukta ya mwisho. Nikasema pengine ni baridi ya leo, mashine hupenda baridi, ila Mlola nako mwezi wa pili hakukuwa jangwa. Nikasema basi pengine siku ile ilipata joto kwa sababu niliifunika na kitambaa, na kabla sijamaliza nikajiona ninavyosikika.

Mwalimu Hoza akasimama taratibu, akafuta miwani.

"Tumaini, mwanangu. Kumi na moja na nusu, gawanya kwa mbili na ushee."

"Ni… tano, mwalimu."

"Kwenye bango umeandika ngapi?"

Bango lilikuwa limeshanijibia. Ndipo nilipokaa chini kwa ghafla. Lakini mwalimu hakuwa ananisuta, nilimwona usoni, alikuwa na hamu ileile niliyokuwa nayo mimi ya kujua kitu kinapotelea wapi. Akasogeza kiti karibu na meza. "Hii mashine haiweki kumbukumbu ya ilichokifanya siku ile?"

Inaweka. Mimi mwenyewe ndiye niliyeifundisha kuandika kila hatua na saa yake, na sikuwahi kulifungua lile faili hata siku moja. Salimu akalifungua, likatokea ukutani mbele ya watu wote, na mwalimu akawa anasoma kwa sauti kwa ile sauti ya darasani. Saa tisa na dakika mbili, data imesomwa. Saa tisa na dakika mbili, tayari, bonyeza Enter kuendelea. Mstari uliofuata: saa tisa na dakika hamsini na tisa, Enter imebonyezwa, hesabu zimeanza.

Mimi tayari nilikuwa nimekumbuka. Wiki moja kabla ya siku ile niliiwekea programu kituo, isimame baada ya kusoma data nihakikishe namba ziko sawa, halafu nikasahau kukitoa, na ofisini nilikuwa nakibonyeza kwa mazoea bila hata kujua nabonyeza.

"Dakika hamsini na saba," mwalimu akasema. "Ilikuwa inafanya nini?"

"Si ndiyo siku ile!" Sauti ya shangazi Ruthi ikatoka mstari wa pili, na alikuwa ananitetea, maskini, alidhani ananitetea. "Si siku waliyokuja wageni wa usharika kuniona, mwanangu, ukaacha kazi yako ukawasalimia vizuri, ukaifunika na kitambaa changu? Mwalimu, huyu mtoto ana adabu sana!"

Mlishasikia ukumbi unacheka hadi vikombe vinalia? Mwenyekiti alijifuta machozi na karatasi za ajenda. Mzee wa karoti akasema kumbe na shikamoo zimo kwenye hesabu, na mtu mmoja nyuma akataka kujua mzee wa kanisa peke yake alikula dakika ngapi. Hata Salimu, ambaye niliogopa kumtazama, mabega yake yalikuwa yanatikisika. Na mimi nikacheka pia, ya kilio kilio, nikaanza kudhani labda nitatoka pale nikiwa hai, aibu ya kawaida ya kusimuliana.

Kisha akasimama mama mmoja wa Mtae, Mama Zawadi, ambaye ndiye anayetusomea kipimo cha mteremko wa mwisho kule juu. Hakuwa anacheka, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kuelewa jambo.

"Samahanini. Mimi sikusoma sana. Hiyo ya dakika kumi na moja, ndiyo ile kompyuta mliyonayo siku zote?"

"Ndiyo mama," nikasema.

"Na miteremko ni minane. Kwa hiyo yote ni kama saa moja na nusu."

"Ndiyo mama."

"Mimi nilikuwa natuma namba kila siku jioni, hata mvua ikiwa kubwa nilijifunika mfuko nikaenda kusoma. Kwa hiyo kabla ya saa nne mngekuwa mmeshajua."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwezi wa nne," akasema, na akageuka kidogo ili na wengine wasikie, "mkwe wangu alishikwa na uchungu, tukapanda basi la alfajiri twende hospitali. Kona ya tatu udongo ukashuka mbele yetu, na tulipotaka kurudi nyuma ukawa umeshuka na nyuma. Akajifungulia mle ndani ya basi, wanaume wametoka nje kwenye mvua, mimi namshikia khanga. Tungejua tangu jioni tungebaki zahanati kwa nesi."

Sijui nani aliuliza mtoto yukoje. Nadhani ni mimi.

"Mzima. Mama yake ndiye aliyeumwa sana, ila sasa anatembea." Akanitazama. "Sijaja kukulaumu, mwanangu. Nataka kujua tu. Leo mvua ikinyesha, taarifa itakuja, au bado tunasubiri mashine?"

Nilipiga magoti pale mbele ya meza, si kwa kuigiza, nikamwomba msamaha na nikamwomba amfikishie mkwe wake. Akaniinua kwa kiwiko. Kamati ikaahirisha habari ya mashine, bango likakunjwa likaingia chini ya viti, na chai tuliyokunywa baadaye siikumbuki ladha yake. Salimu hakunigombeza. Alisema tu, "Tumaini, na mimi nilikusikia ukisema mara moja, nikanyamaza," na hiyo ikaniuma kuliko angenifukuza.

Tangu siku hiyo nimeapa, na kiapo nakirudia mbele yenu: sipimi kitu mara moja nikakiita namba, sipimi kwa saa ya simu, na namba ikinifurahisha sana ndiyo naishika masikio naiuliza maswali mengi zaidi. Na bado napenda mashine za viini vingi, siwadanganyi, bado nataka kujua ile nusu nyingine ya muda inapotelea wapi. Lakini kabla sijaulizia mashine mpya ina kasi gani, kwanza naikalisha hii niliyonayo na kuiuliza imeshindwa nini hasa.

Jioni ileile nilikitoa kile kituo, mstari mmoja tu wa programu, nikaufuta. Namba zikaingia, kompyuta yetu ikazipiga mteremko mmoja baada ya mwingine, na kabla ya saa nne nikawatumia watu wote wa njia ya Mtae ujumbe wa kwanza: miteremko yote minane ni salama kwa safari ya kesho. Simu ikalia mlio wa ujumbe palepale, alikuwa Mama Zawadi.

"Nimepata. Kumbe lilikuwa jambo dogo hivi."

Nimeandika majibu mengi nikayafuta, na mpaka leo sijamjibu.